Msuko Bila Ukili



Mada yangu leo ni vikapu. Najua wako watakaocheka, waseme jamaa wa fasihi kaishiwa mpaka anaandika juu ya vikapu na mikeka. Nawaomba subira. Nataka kuonesha kwamba neno moja linalotumika kila siku katika uhakiki wetu, neno msuko, limechukuliwa kutoka mikononi mwa akina mama wa pwani bila ya wao kuulizwa lina kazi gani huko lilikotoka. Na kwa kuwa hawakuulizwa, neno limetwikwa maana ambayo si yake. Baya zaidi, wenye jibu wanaondoka mmoja mmoja, kule Zanzibar na huku Oman, na tasnifu zinaendelea kuandikwa kama kwamba hawakuwepo.

Hebu tuanze na maneno yenyewe. Kiswahili hakikwenda mbali kutafuta istilahi za sanaa ya lugha, kilikwenda uani. Mshairi hutunga, na kutunga ni kutia ushanga uzini au samaki kwenye kamba. Ndiyo maana tuna utungo wa shairi na mtungo wa samaki. Mwanasayansi wa jamii ana mfumo wake, na mfumo umetoka katika kufuma, kazi ya mfumi wa nguo. Mhakiki wa riwaya ana msuko, na msuko umetoka katika kusuka, kazi ya msusi wa ukili, wa nywele, wa pakacha na wa dema. Hata huu mtandao tunaoutumia kuandikiana ni jamaa wa mtande, zile nyuzi zinazotangulia kutandwa kwenye kitanda cha mfumi. Yaani ukizitoa kazi za nyuzi na majani katika lugha yetu ya kinadharia, profesa anabaki mikono mitupu.

Sasa tatizo ni kuwa vitenzi hivi vitatu vinatumiwa kama kwamba ni kitu kimoja. Nimesahihisha kazi nyingi za wanafunzi, na si za wanafunzi tu, zinazosema kuwa "mwandishi amefuma msuko wake kwa ustadi". Kufuma msuko! Ni kama kusema fulani kaoka uji. Anayeandika hivyo hajapata kumtazama mfumi wala msusi, na hatumlaumu kijana aliyezaliwa mjini. Lakini mwalimu wake je?

Tofauti ni hii. Mfumi wa nguo huanza kwa mtande. Nyuzi zote za urefu hutandwa kwanza, zikakazwa, zikahesabiwa. Upana wa nguo unajulikana kabla ya uzi mmoja wa mshindio kupita. Kazi yote inayofuata ni kupitisha mshindio katika kiunzi ambacho kimeshakamilika. Pwani yetu ilikuwa na kazi hii zamani sana: Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliikuta nguo ya huko inasafirishwa mpaka Misri, na nguo za Pate zilikuwa na sifa zao kabla ya merekani kuja kuzipiga kumbo katika karne ya 19. Kwa hiyo neno mfumo kwa maana ya kiunzi kilichopangwa mapema limechaguliwa vizuri. Halina lawama.

Kusuka ni jambo jengine kabisa. Tuanze mwituni, maana ndiko kazi inakoanzia. Ukindu ni majani ya mkindu, mtende wa mwituni ambao wataalamu wa mimea wanauita Phoenix reclinata. Humea wenyewe penye maji maji, kandokando ya mito na mabondeni, shina moja likazaa machipukizi chungu nzima. Hakuna aliyeupanda. Miyaa ni majani ya mkoma, wengine husema mkoche, Hyphaene compressa, mti wa mchanga wa pwani ambao shina lake hugawika panda. Ukindu ni laini, ndio wa mikeka ya kulalia na misala. Miyaa ni migumu zaidi, hiyo ni ya majamvi na makanda. Ukija kwenye mnazi, kuti bichi hutoa pakacha, na hili aghlabu ni kazi ya wanaume, wakwezi na wachukuzi: mtu hulisuka papo hapo chini ya mti, akatia madafu yake akenda zake. Tenga la kuku au la samaki huwa la fito na mbugu, yaani mitambaazi ya mwituni inayokatwa ikiwa mibichi, ingali inakubali kupindwa. Dema la kuvulia samaki, ambalo Mombasa na Lamu wanaliita lema, husukwa kwa vipande vya fito au mianzi kwa macho ya pembe sita. Huko bara wanawake wa Iringa wana vikapu vyao vya milulu, majani ya kwenye majimaji. Wakikuyu na Wakamba wana kiondo, ambacho zamani kilikuwa cha nyuzi za magome ya vichaka, kabla ya mkonge kushika nafasi. Kiondo, kwa taarifa yenu, kina nyuzi zilizosimama na nyuzi zinazozizunguka, kwa hiyo kiko karibu na kufuma kuliko kusuka. Nakitaja ili msije mkadhani kila kikapu ni ndugu wa mwenzake.

Turudi kwenye ukindu, maana msuko wetu umetoka huko. Hukatwa kuti changa ambalo bado halijafunguka. Majani hukaushwa juani. Anayetaka rangi huyachemsha na rangi. Kisha huchanwa kwa ukucha au ncha ya kisu kupata chane, nyembamba au pana kwa kadiri ya kazi inayokusudiwa. Chane hutiwa maji kidogo zilainike, halafu ndio husukwa ukili, ukanda mrefu wa upana wa vidole kadhaa, unaokunjwa kadiri unavyozidi na kupimwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyoshwa. Mwisho kabisa ukili hushonwa kwa shazia, ukingo kwa ukingo. Kwa kikapu huanzwa kitakoni, ukazungushwa kwenda juu mpaka mdomoni, kisha vikatiwa vishikio.

Katika hayo mna mambo matatu ambayo mhakiki anatakiwa ayatie akilini.

Kwanza, ukili hauna mtande. Hakuna nyuzi zilizotangulia kukazwa zikingojea nyengine zipite. Kila chane hupita juu, ikapita chini, ikafika ukingoni, ikapinda na kurudi. Chane iliyobeba sasa hivi, punde itabebwa. Hakuna chane kuu na chane dogo.

Pili, chane ni fupi na ukili ni mrefu. Jani la mkindu halizidi urefu aliloumbiwa, lakini ukili unaweza kufika pima ishirini na zaidi. Kwa hiyo ufundi mkubwa wa kusuka haumo katika kupishanisha majani, hilo mtoto hujifunza mchana mmoja. Umo katika kuongeza. Chane mpya hulazwa juu ya mkia wa chane ya zamani, zikaenda pamoja hatua kadhaa, kisha ya zamani ikaachwa. Ncha hubaki nyuma ya ukili, hazionekani usoni, na baadaye hukatwa.

Tatu, ukili hauna umbo. Ukili ule ule unaweza kuwa mkeka, au kikapu, au kawa la kufunikia chakula. Umbo linakuja katika kushona. Msusi na mshonaji huenda wakawa watu wawili mbalimbali, na ukili huuzwa peke yake kabla ya mtu kujua utakuwa nini.

Sasa lichukueni neno msuko kama lilivyozoeleka katika vitabu vya uhakiki, mkalilinganishe na hayo. Tunasoma kuwa msuko ni mpangilio wa matukio, kiunzi cha hadithi, mwanzo na kati na mwisho. Tunasoma juu ya msuko sahili na msuko changamano, msuko wa moja kwa moja na msuko wa rejea. K. W. Wamitila alipotutolea Kamusi ya Fasihi mwaka 2003 alitufanyia hisani kubwa ya kukusanya istilahi mahali pamoja, na sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na matumizi yaliyoenea madarasani. Kinachoelezwa hapo ni kiunzi kilichopangwa kabla, ambacho matukio hupitishwa ndani yake. Huo si msuko, huo ni mtande. Na hizo habari za mbele na nyuma, za moja kwa moja na rejea, ni mshono. Msuko wenyewe, yaani namna tukio moja linavyolishika jengine na kulipokea kabla halijakatika, hauna jina katika uhakiki wetu, kwa kuwa jina lake limekwisha kupewa mtu mwengine.

Mtaniambia haya ni mabishano ya maneno tu. Hapana. Chukueni Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, riwaya ambayo wengi humu mmeisomesha. Ukiisoma kwa mtande, utauliza: kisa kikuu ni kipi, mapenzi au siasa? Nimeona insha kadhaa zimekwama hapo. Mmoja anasema ni riwaya ya ukombozi na mapenzi ni chambo, mwengine anasema kinyume chake, na kila mmoja ana kurasa zake za ushahidi. Lakini isomeni kwa ukili. Yasmin anaozwa kwa Raza, mzee. Anapoikimbia ndoa na jamaa zake wakamkataa, anapokewa na Mwajuma. Kwa Mwajuma ndiko anakojuana na Denge, na kwa Denge siasa inaingia maishani mwake. Kila mtu anamfikisha kwa mwengine. Hakuna kisa kikuu ambacho kingine kinapitishwa ndani yake: mapenzi yanaibeba siasa hatua hii, hatua inayofuata siasa inayabeba mapenzi. Suali la kisa kikuu ni suali la mfumi aliyeulizwa msusi. Suali la msusi ni jengine: chane mpya iliingizwa wapi, na je, ilishikana na ya zamani kabla ya kuachwa, au mwandishi kaiacha ncha usoni? Kwa suali hili unaweza kumsifu Adam Shafi kwa haki, na unaweza pia kumkosoa kwa haki mwandishi anayemtoa mtu mfukoni katika sura ya mwisho aje kuyafungua mafundo yote. Huyo kasuka mpaka chane ikamwishia, akafunga fundo.

Wataalamu wa Kirusi wa miaka ya 1920 walitofautisha kisa chenyewe na namna kisa kilivyopangwa kusimuliwa, na sisi tumeipokea tofauti hiyo kwa majina ya kigeni. Kumbe ukili na mshono vilikuwepo barazani kwa bibi zetu, na vina hatua moja zaidi kuliko walizonazo Warusi: kuna chane, kuna ukili, kuna mshono. Matukio, kushikana kwake, na umbo lake. Tatu, si mbili.

Basi kwa nini hatukuviona? Lawama moja naiweka kwenye kamusi, na nataka nitende haki hapa. Si kweli kwamba kamusi zetu hazina maneno haya. Ukitafuta utayapata: ukili, ukindu, chane, shazia, kawa, kifumbu, jamanda, susu. Waliotangulia walifanya kazi kubwa. Edward Steere, katika kitabu chake cha mwongozo wa lugha cha mwaka 1870, aliandika hata kigunni, ule mfuko mrefu wa kusukwa ambao tende zililetwa nao Unguja. Padri Charles Sacleux, ambaye kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilitoka mwaka 1939, alikuwa mtu wa mimea pia, na katika kitabu chake mti hupewa jina lake la kitaalamu. Mwaka huo huo wa 1939 ilitoka kamusi ya Frederick Johnson. Kisha tukapata zetu wenyewe: Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 na matoleo yaliyofuata, na ile ya BAKIZA ya mwaka 2010.

Kasoro ni mbili. Ya kwanza ni ile tabia ya kumaliza mti kwa maneno "aina ya mti" na samaki kwa "aina ya samaki". Padri mgeni aliujua mkindu kwa jina na nasaba, na sisi wenyewe tunauita aina ya mti! Ya pili ni ya alfabeti yenyewe. Kazi moja yenye hatua saba imetawanywa katika kurasa elfu: chane iko C, shazia iko S, ukili uko U, na hakuna kinachomwambia msomaji kuwa vitu hivi vinafuatana mkononi mwa mtu mmoja katika siku moja. Kamusi imehifadhi vipande na kuupoteza ukili. Anayeijua kazi huifungua akapata jina aliloghafilika nalo. Asiyeijua huifungua akatoka na chane mkononi, hajui aiweke wapi.

Nije huku Maskati, maana haya nayaandika kwa sababu ya mambo ninayoyaona hapa. Oman ni nchi ya mtende. Majani yake, khusi kama yanavyoitwa hapa, yamesukwa tangu na tangu: mikeka, vikapu vya kuchumia, vipepeo, na jirabu za kushindilia tende. Katika mabonde ya kaskazini kuna pia ghadaf, mtende mfupi wa mwituni ambao haukupandwa na mtu, na majani yake nayo husukwa. Kule Dhofar walikuwa na vikapu vya kukamulia maziwa, vilivyosukwa kwa kubanwa hata havivuji. Na kazi kubwa ya khusi inafuata njia ile ile ya kwetu: ukanda mrefu kwanza, mshono baadaye. Mtende na mkindu ni ndugu wa nasaba moja, wote ni Phoenix. Mfuko wa tende uliopakiwa jahazini Oman ukashushwa Unguja ulipokewa na watu waliokuwa na ufundi ule ule mikononi mwao, kwa jani la ndugu yake. Mwaka 2019 nchi 14 za Kiarabu, Oman ikiwemo, ziliuandikisha mtende UNESCO pamoja na maarifa na kazi zake zote. Mkindu hauna karatasi kama hiyo.

Sasa tazameni kinachotokea. Katika nyumba moja ya kuoneshea vitu vya kale, ambayo sitoitaja, upo msala wa ukindu wenye rangi za Unguja waziwazi, zambarau na kijani, chane nyembamba kama nywele. Kibao chake kinasema ni mkeka wa khusi, kazi ya mikono ya Oman. Sina haja ya kugombana kuhusu utaifa wa msala. Pengine aliyeusuka kweli ni Muomani, aliyezaliwa Unguja. Lakini jani si khusi. Aliyeandika kibao hakuligusa, au aliligusa vidole vyake visimwambie kitu. Mti umeondoka katika maelezo, na mti ukiondoka safari yote inaondoka: nani aliuchuma, bonde gani, ulipanda jahazi gani au ndege gani mpaka ukafika hapa. Msala ule ungeweza kuwasimulia watoto wetu habari za bibi zao kuliko hotuba kumi za historia. Sasa ni pambo.

Na bibi zenyewe wako, wachache. Waliokuja kutoka Zanzibar baada ya 1964, na wengi zaidi baada ya 1970, waliletwa na waume au wazee wao, na mikono yao ikaja nao. Bibi mmoja wa Al Khoudh, kazaliwa na kulelewa Pemba, nilikwenda kumuamkia siku moja, na baada ya shikamoo na kahawa nikamuuliza habari za ukili. Akaniambia alipofika hapa alijaribu majani ya mtende. "Magumu, mwanangu, yana miba kama nini, ukiyaroweka siku moja hayajawa kitu." Lakini akayazoea. Nikamuuliza ugumu wa kazi uko wapi, nikidhani atasema katika kuhesabu chane au katika kupinda ukingo. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa na mtoto. "Katika kutia. Wewe husubiri chane ikwishe ndio utie nyengine? Ikwisha kwisha ushachelewa, ukili ushafunguka." Hapo mna uhakiki wa riwaya ndani ya sentensi mbili, na hazimo katika kitabu chochote ninachokisomesha.

Wajukuu zake walikuwepo. Wanakifahamu Kiswahili chake lakini wanamjibu Kiarabu. Neno chane hawakulijua. Walilijua neno kikapu.

Najua hoja itakayokuja, kwani ni hoja nzuri. Mtasema: hii ni huzuni ya mwanamume wa makamo aliyekaa kwenye kiyoyozi akiwalilia wanawake waliokaa sakafuni. Ukili ulikuwa kazi ya umaskini. Pima kwa pima, vidole vinakatika, mgongo unapinda, na bei yake haikutosha kununua mchele. Mwani ulipoanza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989, wanawake wengi wa pwani ya mashariki waliuendea, na ukili na kamba za makumbi vikawekwa pembeni. Nani wa kuwalaumu? Aliyeacha kusuka kwa sababu kapata riziki bora hakuvunja mila, kafanya hesabu.

Nakubali yote hayo, wala siwaambii wanawake wa Paje au wa Wete warudi mkekani ili mimi nipate istilahi safi. Wala sisemi kuwa plastiki imeua ufundi. Vikapu vinavyosukwa kwa mikanda ya plastiki vimejaa masokoni Afrika Mashariki, na msukaji wake ni msusi kamili: kabadilisha jani, hakubadilisha mkono. Bibi wa Al Khoudh naye alibadilisha jani. Ususi wenyewe siku zote ni kutumia kilichopo. Kinachonitisha ni kitu chengine. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Zanzibar mwaka 2006, Kenya mwaka 2017, Tanzania nzima mwaka 2019. Ungedhani kikapu kitarudi kwa shangwe. Kilichoingia kwa wingi Tanzania ni mfuko wa kitambaa ambacho huko viwandani jina lake hasa ni kitambaa kisichofumwa: nyuzi za plastiki zimebandikwa kwa moto, hakuna mtande, hakuna mshindio, hakuna chane. Ndio mfuko tunaouchukua sokoni huku tukiandika makala juu ya mfumo na msuko.

Kwa hiyo hoja yangu si kwamba kazi isife. Kazi hufa. Hoja yangu ni kuwa sisi tulioajiriwa kwa ajili ya maneno tuna wajibu mdogo tu, nao ni kuhakikisha kwamba maneno yanayobaki baada ya kazi kwenda yanabaki na maana. Lugha inaweza kuchukua neno kutoka kazi iliyokufa na likaishi karne nyingi. Lakini likichukuliwa bila kazi yake huwa ganda, na kila mtu hulijaza apendacho. Msuko umekuwa ganda, na mfumo ndio umejaa ndani yake.

Napendekeza mambo matatu, wenzangu mnikosoe.

La kwanza ni kwa watunga kamusi. Pamoja na vidahizo, tupatieni makala fupi za kazi: ususi wa ukili, ususi wa dema, usokotaji wa makumbi. Ukurasa mmoja mmoja kwa kila kazi, hatua kwa hatua, maneno yote yakiwa mahali pake na kila mti kwa jina lake kamili. Neno moja moja liwe na ishara ya kumpeleka msomaji kwenye ukurasa huo. Hili halihitaji fedha za wafadhili. Linahitaji mtu akae na msusi kwa wiki moja.

La pili ni kwa wahakiki na walimu wa fasihi. Tuseme kiunzi tunapokusudia kiunzi. Tuseme mshono tunapozungumzia mpangilio wa sura, rejea na mbele na nyuma. Neno msuko tulirudishie kazi yake: namna tukio linavyopokewa na jengine kabla halijaachwa. Mwanafunzi akifundishwa kutafuta mahali chane ilipotiwa, atakisoma kitabu kwa makini zaidi kuliko akifundishwa kuchora mlima wenye kilele katikati.

La tatu ni letu tulio Maskati, Dubai, London na kwengineko. Bibi hawa hawahitaji tamasha. Wameshawekwa kwenye mahema ya maonesho wakapigwa picha za kutosha, wakisuka kipande kile kile kutwa nzima, na hakuna aliyewauliza kitu zaidi ya umri wao. Wanahitaji mtu mwenye kinasa sauti, subira na Kiswahili chao, aulize: hii unaiitaje? na hii? na ukikosea unafanyaje? Hasa hili la mwisho, maana maneno mengi ya ufundi yamo katika kusahihisha. Wenye mama zao nyumbani waanze huko, Ijumaa hii baada ya chakula. Simu zote siku hizi zinarekodi.

Najua humu barazani wamo waliokulia Makunduchi, Jambiani, Micheweni, Faza na Vanga, wanaoyajua majina ya misuko na nakshi ambayo sikuyataja. Kama kwenu chane inaongezwa kwa njia nyengine, au neno ukili lina ndugu asiyejulikana Unguja, andikeni. Nitakuwa na furaha zaidi kusahihishwa na msusi kuliko kusifiwa na profesa.

Wasalaam.